Tangazo la Leseni Katika Faili Lililoandikwa na Mwingine: Lipi Libaki, Lipi Liongezwe

Msomaji wetu wa Mwanza, anayefanya kazi katika kampuni ndogo inayotengeneza mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa kwa ajili ya zahanati, ametuandikia swali refu ambalo kwa ufupi ni hili. Mfumo wao unatolewa kama programu huria chini ya leseni ya GPL toleo la 3. Ndani yake mna mafaili waliyoyachukua kutoka miradi mingine, mengi yakiwa chini ya leseni za MIT na BSD, na mawili chini ya Apache 2.0. Mkuu wa kampuni ameagiza kila faili lianze na kichwa cha aina moja chenye jina la kampuni na maneno ya GPL, na vichwa vya zamani viondolewe "ili msimbo uwe safi". Msomaji anauliza kama jambo hilo linaruhusiwa, kwa kuwa anavyojua yeye leseni ya MIT inaruhusu kila kitu, na kama jibu linabadilika pale ambapo faili limeandikwa upya kwa sehemu kubwa. Anauliza pia kuhusu miaka inayotajwa kwenye tangazo la hakimiliki, na kuhusu msimbo wa JavaScript unaobanwa kabla ya kupelekwa kwa mtumiaji.

Ndugu msomaji, jibu la swali lako la kwanza ni hapana, na sababu yake imo ndani ya leseni yenyewe ya MIT, ambayo watu wengi huitaja bila kuisoma hadi mwisho ijapokuwa ni ya aya chache tu. Ni kweli kwamba inatoa ruhusa pana: kutumia, kunakili, kubadili, kuunganisha na kazi nyingine, kuchapisha, kusambaza, kuwapa wengine haki hizo na hata kuuza. Baada ya kutaja hayo yote inaweka sharti moja, kwamba tangazo la hakimiliki na tangazo la ruhusa viwemo katika kila nakala ya programu au katika kila sehemu kubwa yake. Mwandishi hakuomba fedha, hakuomba kujulishwa, wala hakudai mabadiliko yarudishwe kwake. Anayelifuta tangazo hilo ameacha kutimiza sharti pekee alilowekewa, na kwa hiyo hana tena ruhusa ya kuegemea. Anakuwa ananakili kazi ya mtu chini ya sheria ya kawaida ya hakimiliki, ambayo kimsingi inakataza kunakili.

Ni vizuri kutenganisha mambo matatu yanayokaa pamoja katika kile tunachokiita kichwa cha faili, kwa kuwa kila moja lina kazi yake. La kwanza ni tangazo la hakimiliki, yaani ule mstari wenye neno Copyright, mwaka na jina la mwenye haki. La pili ni maneno ya ruhusa, ambayo humweleza msomaji anaruhusiwa kufanya nini na kwa masharti gani. La tatu ni kanusho la dhamana, yale maneno ambayo mara nyingi huandikwa kwa herufi kubwa tupu, yakisema kwamba programu imetolewa jinsi ilivyo na kwamba mwandishi hatawajibika kwa hasara yoyote. Watu wa ofisini huuona mstari wa kwanza tu kwa sababu una jina, na wakikubali kuuacha hudhani wamemaliza wajibu wao. Kumbe kanusho nalo lina uzito wake: mtu aliyetoa maktaba yake bure hajui kwamba itaishia kwenye kompyuta ya zahanati, na kinga aliyojiwekea dhidi ya madai ya mtu asiyemfahamu ni maneno hayo. Katika mfumo unaoshika kumbukumbu za wagonjwa, nisingethubutu kuyaondoa hata kama leseni ingenyamaza.

Huenda mkuu wako anahofia kwamba mafaili yenye leseni ya MIT au BSD yanautia doa mradi wa GPL, au kwamba msomaji atachanganyikiwa kuhusu leseni ipi inatawala. Hofu hiyo ya kwanza haina msingi. Kifungu cha 5 cha GPL toleo la 3 kinataka kazi nzima, kwa ujumla wake, itolewe chini ya GPL, na papo hapo kinasema kwamba hakibatilishi ruhusa nyingine ambayo mtu ameipata kwa njia ya kando. Kifungu cha 7 kinakubali waziwazi sharti la kuhifadhi matangazo ya kisheria na majina ya waandishi yaliyomo katika msimbo ulioingizwa. Hivyo mfumo wenu mzima unafuata GPL, wakati faili moja la MIT linaendelea kuwa la MIT kwa yeyote atakayelichomoa na kulitumia peke yake. Hakuna haja ya "kuligeuza" faili hilo, wala hamna uwezo huo, kwa sababu leseni hutolewa na mwenye haki, nanyi si wenye haki wa mistari aliyoiandika mtu mwingine. Mnachoweza kukiwekea leseni yenu ni kile mlichokiongeza.

Jambo hili liliwahi kuzua ugomvi mkubwa mwaka 2007. Mradi wa OpenBSD ulikuwa na msimbo wa kuendesha vifaa vya intaneti isiyotumia waya vyenye chipu za Atheros, ukiwa chini ya leseni ya ISC, ambayo ni fupi hata kuliko ya MIT. Watengenezaji wa Linux waliuhitaji msimbo huo, na haki ya kuuchukua walikuwa nayo. Katika mwezi wa Agosti yalipendekezwa mabadiliko ambayo, pamoja na mambo mengine, yaliondoa maneno ya ISC na kuweka GPL peke yake katika mafaili ambayo mwandishi wake hakuwahi kuyatoa chini ya GPL. Watu wa OpenBSD walikuja juu, wanasheria wa Software Freedom Law Center wakaingia kati, na pendekezo lile halikupita lilivyokuwa. Kiendeshi kilipoingia rasmi kwenye Linux toleo la 2.6.25, mwezi Aprili 2008, kwa jina la ath5k, mafaili yaliyotoka OpenBSD yalibaki na maneno yake ya ruhusa, na waandishi wa upande wa Linux wakaongeza majina yao chini ya jina la mwandishi wa kwanza. Ukifungua mafaili hayo leo utayakuta hivyo. Kama mradi mkubwa wenye GPL toleo la 2 moyoni mwake unaishi na vichwa vya ISC bila kudhurika, mfumo wenu wa zahanati utaweza.

Sasa nije kwenye hali mbalimbali ambazo faili lililochukuliwa linaweza kuwa nazo, maana hapa ndipo penye kazi halisi.

Faili ambalo hamkuligusa kabisa liachwe lilivyo. Msiongeze jina la kampuni, msiongeze maneno ya GPL, msipange upya mistari ya kichwa. Kuandika jina lenu juu ya faili ambalo hamkuliandika hata mstari mmoja ni kudai hakimiliki msiyo nayo, na hilo ni kosa la aina yake hata pale ambapo tangazo la zamani limebaki chini.

Faili mlilolirekebisha kidogo, kwa mfano mkasahihisha hitilafu mbili tatu au kubadili majina ya vigezo, lina jibu lisilopendwa na wakuu wa kampuni: ushauri wangu ni kuyaacha marekebisho hayo yafuate leseni ileile ya faili, bila kuongeza GPL. Sheria haiwalazimishi kufanya hivyo. Faida yake ni kwamba mnaweza kuyarudisha marekebisho kwa mradi wa asili bila mazungumzo marefu, nao wakatoa toleo jipya ambalo mtalipokea bila kulazimika kuunganisha upya kila mara. Taasisi ya Apache Software Foundation ina utaratibu unaofanana na huu kwa msimbo wa nje unaoingia kwenye miradi yake: vichwa vya asili haviguswi, marekebisho madogo hubaki chini ya masharti ya faili lenyewe, na mabadiliko makubwa hujadiliwa kila moja kwa hali yake. Sioni sababu ya kampuni ya watu wachache kujiwekea utaratibu mgumu kuliko huo.

Faili mliloliongezea kazi kubwa, labda nusu yake au zaidi ikiwa yenu, ndilo linalostahili kichwa cha kampuni. Hapo mna haki ya kuweka tangazo lenu la hakimiliki na kusema kwamba mliyoyaongeza yako chini ya GPL, mradi tangazo la asili libaki kamili na msomaji aelewe kwa nini matangazo ni mawili. Mimi hupendelea mpangilio huu:

/*
 * [Tangazo la hakimiliki la kampuni na maneno ya GPL-3.0-or-later]
 *
 * Sehemu za faili hili zimetokana na mradi wa [jina la mradi wa asili]
 * na zinaambatana na tangazo lifuatalo:
 *
 * [Tangazo la asili, neno kwa neno, pamoja na kanusho lake]
 */

Ile sentensi ya katikati si sharti la leseni yoyote ninayoizungumzia hapa, lakini bila hiyo msomaji hukutana na ruhusa mbili zinazotofautiana na hajui amshike nani. Neno kwa neno maana yake ni neno kwa neno: msifupishe, msisahihishe tahajia ya jina la mwandishi kwa kukisia, na msiyatafsiri maneno ya leseni kwa Kiswahili mkayaondoa ya Kiingereza. Tafsiri inaweza kukaa pembeni kama msaada kwa msomaji, lakini yenye nguvu ni yale aliyoyaandika mwenye haki. Leseni ya Mozilla, MPL 2.0, ndiyo inayosema jambo hili kwa ufasaha kuliko nyingine zote: inakataza kuondoa au kubadili kiini cha tangazo lolote, ikiruhusu tu marekebisho yanayohitajika kusahihisha taarifa inayojulikana kuwa si ya kweli.

Kuna hali ya nne ambayo hukuitaja, nami naamini imo kwenye mradi wenu kwa sababu imo karibu kwenye kila mradi niliowahi kuukagua. Ni ile ya kunakili kipande, yaani kazi (function) moja au mbili, kutoka faili la mtu na kukibandika katikati ya faili lenu. Sharti la MIT linataja sehemu kubwa ya programu, na watu hulitumia neno hilo kujitetea kwamba kipande chao ni kidogo. Hakuna kipimo cha mistari kilichowekwa na leseni, na kubishania kipimo ni kupoteza muda ambao ungetosha kubandika tangazo juu ya kipande hicho mara kumi. Liweke palepale juu ya kazi iliyonakiliwa, si mwanzoni mwa faili, ili ionekane ni mistari ipi inayohusika. Vipande vya kutoka Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya watengeneza programu, ni habari nyingine: viko chini ya leseni ya Creative Commons yenye sharti la kutaja mwandishi na kutumia leseni ileile, na toleo la 4.0 pekee, linalohusu yaliyowekwa huko tangu Mei 2018, ndilo linaloweza kuingizwa katika GPL toleo la 3. Kipande cha zamani zaidi ni bora mkiandike upya kwa akili zenu.

Hapo ndipo linapoingia swali lako kuhusu faili lililoandikwa upya. Ikiwa mmelitupa faili la zamani, mkaelewa kinachotakiwa kufanyika, kisha mkaandika jipya bila kulitazama la zamani, hilo ni lenu na tangazo la zamani halina kazi. Ila mara nyingi sivyo mambo yanavyokwenda. Faili hubadilishwa kidogo leo, kidogo mwezi ujao, na baada ya miaka miwili mtu anasema hakuna mstari wa asili uliobaki. Huenda ni kweli kwa hesabu ya mistari, lakini hakimiliki hulinda pia mpangilio na muundo wa kazi kwa kiasi fulani, na kazi iliyotokana na nyingine haiachi kutokana nayo kwa sababu tu imebadilishwa polepole. Kanuni ninayoifuata ni kwamba, kama historia ya Git, programu inayotunza kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo, inaonyesha mnyororo usiokatika kutoka faili la asili hadi la leo, tangazo linabaki. Amri ya git log yenye chaguo la --follow itakuonyesha mnyororo huo hata kama faili lilibadilishwa jina. Kulibakiza tangazo ambalo pengine halihitajiki hakuna gharama yoyote. Kulifuta linalohitajika kuna gharama.

Kwa yale mafaili mawili ya Apache 2.0, kifungu cha 4 cha leseni hiyo kinadai zaidi. Mtu unayempa programu apate nakala ya leseni. Kila faili mlilolibadilisha liwe na maelezo yanayoonekana kwamba mmelibadilisha. Matangazo yote ya hakimiliki, hataza, alama za biashara na utambulisho wa waandishi yabaki katika msimbo chanzo. Na kama mradi wa asili una faili liitwalo NOTICE, maelezo yake ya utambulisho yasomeke pia katika kazi yenu, ama ndani ya faili lenu la NOTICE, ama katika nyaraka, ama mahali programu inapoonyesha matangazo ya aina hiyo. Wengi hulisahau NOTICE kwa sababu linakaa kwenye saraka kuu, wakati wao walichukua mafaili mawili tu kutoka saraka ya ndani kabisa. Nendeni mkalitazame. Mna bahati kwamba mlichagua GPL toleo la 3, kwa kuwa Free Software Foundation, taasisi iliyoiandika GPL, inaihesabu Apache 2.0 kuwa haipatani na toleo la 2.

Kagueni vilevile kama leseni zenu za BSD ni za vifungu viwili, vitatu au vinne. Ya vinne ina sharti la matangazo ya biashara: yeyote anayetangaza bidhaa yake kwa kutaja sifa za programu hiyo lazima amtaje mwandishi, na sharti hilo haliendani na GPL. Chuo Kikuu cha California, ilikotoka leseni ya BSD, kililiondoa katika msimbo wake tarehe 22 Julai 1999, na kwa msimbo wa chuo hicho mnaweza kulichukulia kuwa halipo. Kwa msimbo wa mtu mwingine aliyeyaiga maneno yale, tamko la chuo halimhusu, na sharti lake lingali hai mpaka yeye mwenyewe aliondoe.

Kuhusu miaka, sheria haitegemei mstari wa hakimiliki kwa ajili ya ulinzi. Mkataba wa Berne, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama wake, unakataza kuweka masharti ya aina hiyo kabla ya kazi kulindwa, na sheria za hakimiliki za nchi zetu, ya Tanzania ya mwaka 1999 na ya Kenya ya mwaka 2001, zinazihesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa. Kwa hiyo faili lisilo na tangazo lolote si mali ya umma. Kinyume chake, halina ruhusa yoyote, na kulichukua ni hatari zaidi kuliko kuchukua lenye kichwa kirefu. Mwaka unaotajwa ni taarifa tu ya lini kazi ilichapishwa. Mwaka wa mtu mwingine msiuguse hata siku moja, hata kama ni wa 1998 na unaonekana umechakaa. Mwaka wenu uandikeni pale mlipofanya kazi ya maana katika faili, na hakuna haja ya ile desturi ya kuendesha programu kila Januari inayobadili mwaka katika mafaili yote, yakiwemo ambayo hayakuguswa kwa miaka mitano. Ni kelele kwenye historia ya Git na, kwa kiasi fulani, ni maelezo yasiyo ya kweli.

Jina nalo liwe sahihi. Kazi iliyofanywa na mwajiriwa katika ajira yake kwa kawaida ni ya mwajiri, kwa hiyo jina la kampuni linafaa kwa kazi yenu wenyewe; lakini mtu wa nje akiwaletea marekebisho na hakusaini hati ya kuhamisha haki, hakimiliki ya marekebisho yale ni yake. Miradi mingi huandika jina la mradi likifuatiwa na maneno "na wachangiaji", na hilo linatosha mradi historia ya Git itunzwe.

Pengine umekwisha kusikia kuhusu vitambulisho vya SPDX, na huenda mkuu wako akaviona kuwa njia ya mkato ya kupata usafi anaoutaka. Ni mistari mifupi kama SPDX-License-Identifier: GPL-3.0-or-later, inayosomwa na mashine na binadamu, na mfumo huo sasa ni kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 5962:2021. Kwa mafaili yenu wenyewe ninaupendekeza bila kusita. Mstari huo pamoja na mstari wa hakimiliki unatosha kabisa, na maandishi kamili ya leseni yakakaa mara moja tu kwenye saraka ya LICENSES. Linux ilianza kuviweka kwa wingi katika toleo la 4.14 mwaka 2017, hasa kwenye mafaili yaliyokuwa hayana tangazo lolote, na mwaka 2019 ikaendelea kubadilisha vichwa virefu vya GPL kuwa mstari mmoja. Wasichokiona wengi ni kwamba kazi hiyo ilipitiwa kwa makini na watu wanaojua leseni, aina moja ya maneno baada ya nyingine, na kwamba mistari ya hakimiliki haikufutwa pamoja na maneno ya leseni.

Kwa faili la mwingine lenye maneno kamili ya MIT, ongezeni mstari wa SPDX juu yake mkitaka, lakini msiyaondoe maneno yenyewe. Yeye aliomba tangazo lile libaki, hakuomba kifupisho chake. Aidha, maandishi ya MIT yanapowekwa mara moja kwenye saraka ya LICENSES yanakuwa na nafasi tupu ya jina, ilhali mafaili yenu yametoka kwa waandishi tofauti, kila mmoja na mstari wake. Ukifuta vichwa ukabaki na nakala hiyo moja, umewapoteza wote. Hata Apache Software Foundation, inayopenda vichwa vifanane, haihamishi tangazo la hakimiliki kutoka kwenye faili lililoletwa kwake mpaka mwenye haki alihamishe mwenyewe au atoe idhini ya maandishi.

Nimebakiza JavaScript. Hapa ndipo kampuni nyingi hukosea bila kukusudia, kwa sababu msimbo chanzo ni safi lakini kinachomfikia mtumiaji kimevuliwa kila kitu. Faili lililobanwa, yaani lililopunguzwa ukubwa kwa kuondolewa maelezo na nafasi, kisha kupelekwa kwenye kivinjari ni nakala, na sharti la MIT linahusu nakala zote. BSD nayo inadai kwamba anayesambaza programu iliyokwisha kujengwa arudie tangazo, masharti na kanusho katika nyaraka au vifaa vingine vinavyoambatana nayo. Terser, chombo ambacho webpack, programu ya kuunganisha mafaili ya JavaScript, hukitumia kubana msimbo, hubakiza maelezo yanayoanza na /*! au yenye neno @license au @preserve, na webpack toleo la 5 huyakusanya yenyewe kwenye faili linaloishia na .LICENSE.txt. Chombo cha esbuild kina chaguo lake liitwalo --legal-comments. Tatizo ni kwamba vifurushi vingi vya npm, hifadhi ya maktaba za JavaScript, havina tangazo ndani ya mafaili ya msimbo. Tangazo liko kwenye faili la LICENSE la kifurushi, ambalo kibanaji hakiliangalii kamwe. Kwa hiyo mnahitaji nyongeza inayopita kwenye node_modules, saraka ya vifurushi hivyo, na kukusanya mafaili hayo, kama license-webpack-plugin, kisha mtoe ukurasa ndani ya mfumo wenye kiungo cha "Leseni za programu huria". Kama mnapeleka mfumo kwa makontena, tazameni pia Dockerfile, faili la maelekezo ya kujenga kontena: amri ya kufuta /usr/share/doc yote ili kupunguza ukubwa hufuta matangazo ya hakimiliki ya vifurushi vya Debian, mmoja wa mifumo ya Linux. Picha ndogo rasmi za kontena za Debian (slim images) huondoa nyaraka nyingine zote lakini hubakiza mafaili yenye jina copyright, nanyi fanyeni hivyohivyo.

Mkuu wako akiuliza kama kweli kuna mtu aliyewahi kushtakiwa kwa kufuta kichwa, mpe kesi ya Jacobsen dhidi ya Katzer. JMRI ni mradi huria wa kuendesha treni za kuchezea kwa kompyuta, uliokuwa chini ya leseni ya Artistic. Kampuni iliyouza programu ya kazi hiyohiyo ilichukua mafaili ya mradi bila kubakiza majina ya waandishi, matangazo ya hakimiliki, wala maelezo ya chanzo na ya mabadiliko. Mahakama ya wilaya nchini Marekani iliona kuwa hilo, kama ni kosa, ni la kuvunja mkataba tu. Tarehe 13 Agosti 2008 mahakama ya rufaa ya Federal Circuit ilitengua uamuzi huo na kusema kwamba masharti yale ni masharti ya hakimiliki yenyewe, kwa hiyo asiyeyatimiza anaweza kushtakiwa kwa kukiuka hakimiliki. Ikasema pia kwamba mtu kutotoza fedha hakumaanishi hana maslahi ya kiuchumi katika kazi yake. Pande hizo zilimalizana kwa makubaliano mwaka 2010. Uamuzi wa Marekani haufungi mahakama za Dodoma wala Nairobi, ila hoja yake inaeleweka popote.

Kwa utekelezaji, anzeni na tawi moja la Git lisilo na kazi nyingine. Tafuteni kila faili la nje, linganisheni kichwa chake na cha mradi wa asili katika toleo lilelile mlilolichukua, si toleo jipya, na mrudishe palipopungua. Hamishieni mafaili yasiyoguswa kwenye saraka yake, third_party au vendor, ili chombo chochote mtakachotumia kubandika vichwa kiambiwe kisiingie humo. Kisha wekeni amri ya reuse lint, chombo kinachotunzwa na Free Software Foundation Europe, katika hatua za ukaguzi kabla ya msimbo kupokelewa. Itakataa faili lolote lisilo na taarifa ya hakimiliki na leseni, zikiwemo picha na fonti, ambazo taarifa zake hukaa kwenye faili la jirani lenye kiambishi cha .license. Chombo hicho hakijui kama tangazo lililopo ndilo la kweli. Hilo litabaki kuwa kazi ya mtu anayepitia mabadiliko, na kanuni ya kumpa ni fupi: badiliko lolote linaloondoa mstari wenye neno Copyright lisipite bila maelezo ya maandishi.

Ikiwa nakala zilizovuliwa matangazo zimekwisha kufika kwenye zahanati, msizinyamazie. Kama kuna msimbo wa GPL toleo la 3 wa mtu mwingine ndani yake, kifungu cha 8 kinarudisha haki zenu mkiacha ukiukaji, na zinakuwa za kudumu ikiwa mwenye haki hakuwaandikia ndani ya siku 60 tangu mlipoacha. Na akiwaandikia kwa mara ya kwanza, mna siku 30 za kurekebisha. MIT na BSD hazina kifungu cha aina hiyo, kwa hiyo njia iliyopo ni kutoa toleo jipya lenye matangazo kamili, kulisambaza kwa kila aliyepokea la zamani, na kueleza katika orodha ya mabadiliko kwamba matangazo ya miradi fulani yamerudishwa. Mwandishi wa maktaba akiwaandikia kabla hamjamaliza, mjibuni siku hiyohiyo, mwambieni mnachofanya na lini toleo litatoka.